Kutoka Mulango hadi Burgdorf: kwa njia aliyopita Profesa Mbiti

Kutoka Nairobi kwenda Kitui kuna njia mbili za lami. Ya kwanza inashika Barabara ya Mombasa, inaingia Machakos, kisha Masii, Wamunyu na Kwa Vonza. Ya pili inapitia Thika na Matuu kwa barabara ya Garissa hadi Kanyonyoo, ndipo inakata kulia kuelekea kusini. Zote mbili huchukua saa tatu hivi, ikiwa matatu haisimami kila kituo kutafuta abiria. Sisi tulishika ya Machakos, kwa sababu inapita chini ya vilima vya Iveti vyenye mashamba ya kijani, halafu inateremka taratibu hadi nchi kavu. Mahindi yanazidi kuwa mafupi, mbaazi na mtama vinachukua nafasi, migunga inaanza. Asiyeuona mteremko huo hatajua kwa nini sala nyingi za Wakamba wa zamani ni sala za mvua.

Magari yanaanzia maeneo ya Machakos Country Bus. Kabla hujaketi, muulize utingo anapitia wapi, kwa maana maneno "Kitui moja kwa moja" yanaweza kumaanisha njia yoyote kati ya hizo mbili. Ondoka kabla ya saa mbili asubuhi. Ukichelewa, foleni ya kutoka jijini hula saa nzima ambayo ulihitaji kuitumia Mulango.

Tulikuwa watatu, wote walimu wa somo la dini, na tulikuwa tukifuata maisha ya mtu mmoja: John Samuel Mbiti, mwanateolojia na mtaalamu wa dini za Kiafrika, aliyezaliwa Mulango tarehe 30 Novemba 1931 na kufariki Burgdorf, Uswisi, tarehe 6 Oktoba 2019, akiwa na miaka 87. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamekariri jina lake kwa ajili ya mtihani. Wachache wanajua kwamba profesa huyo alikuwa pia mchungaji wa mtaa kwa miaka 15, mfasiri wa Agano Jipya, mume na baba wa watoto wanne. Vitabu vyake vinabadilika sura ukivisoma ukijua hayo.

Mulango iko kilomita chache kusini ya mji wa Kitui. Bodaboda inatosha, lakini mvua za vuli zikianza, kati ya Oktoba na Desemba, njia ndogo za udongo mwekundu huteleza vibaya. Hapo shuka barabarani na utembee. Makorongo utakayovuka huwa ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na utaona watu wamechimba visima katikati ya mchanga huo, kwa kuwa maji hubaki chini yake miezi mingi baada ya mvua kwisha. Ukikutana na mzee, msalimu kwanza: "Ũvoo waku?" Atakujibu "Nĩ mũseo." Usianze na swali lako. Swali lililotangulia salamu hujibiwa kwa ufupi, na msafiri wa aina yetu anaishi kwa majibu marefu.

Kilichopo cha kuona ni kituo cha kale cha misheni. Walutheri wa Leipzig walitangulia, kisha baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia mahali hapo pakawa pa shirika la misheni la Africa Inland Mission. Kuna kanisa, kuna shule ya wasichana, kuna miti mikubwa iliyopandwa na watu waliokwisha kufa. Katika mazingira hayo kijana wa wakulima alisikia Injili mchana na hadithi za fisi na sungura usiku, wala hakuona sababu ya kuchagua moja. Mwaka 1954 tayari alikuwa ametoa hadithi ndefu kwa Kikamba, Mũtũnga na Ngewa Yake. Mwaka 1966 akachapisha mkusanyiko wa ngano za Wakamba pamoja na tafsiri yake.

Jina lake lenyewe ni somo. Mbiti kwa Kikamba ni fisi. Mzazi aliyefiwa na watoto waliotangulia humpa mtoto mchanga jina la kitu kisichotamaniwa, ili kifo kimpite. Waswahili pia tunayo majina yenye habari ndani yake, na aliyemwita mwanawe Chausiku au Mashaka anajua kwamba jina huhifadhi habari ya siku ya kuzaliwa kuliko cheti.

Kabla ya kuondoka Kitui tulikuwa na kazi moja ya kufanya mezani, na tunaipendekeza kwa kila atakayepita huko. Tafuta Biblia ya Kikamba ya mwaka 1956, ambayo ndiyo imeenea, na Agano Jipya la Mbiti lililotoka mwaka 2014, ambalo alilifasiri moja kwa moja kutoka Kigiriki. Hilo la pili si kila duka la vitabu vya dini linalo, kwa hiyo ulizia mapema, siku moja kabla. Kisha kaa na msemaji mzuri wa Kikamba, funua vitabu vyote viwili mahali pamoja na usome kwa sauti: Mathayo 6:19–21 kuhusu hazina, Marko 9:43 kuhusu moto wa jehanamu, Luka 22:30 kuhusu kula na kunywa mezani pa Bwana, Ufunuo 21:1–4 kuhusu mji mpya na machozi. Muulize msomaji wako kila mara: neno hili linakuonyesha nini?

Mafungu hayo hatukuyabuni. Hazina, moto, mji, karamu, machozi, mbingu: hizo ndizo picha alizozichunguza katika utafiti wake wa udaktari kule Cambridge, aliomaliza mwaka 1963. Hoja yake ilikuwa kwamba wamisionari walihubiri mambo ya mwisho wa dunia kwa picha hizo, na wasikilizaji wakazipokea kama vitu hasa: moto unaounguza ngozi, mji wenye nyumba. Hawakukosa akili. Lugha yao ilikuwa na namna yake ya kupanga wakati, na mhubiri hakuwa ameichunguza. Alipofika uzeeni akairudia kazi ile ile, safari hii akiwa na kalamu ya mfasiri. Miaka hamsini kati ya tatizo na jibu lake. Sijui mtaalamu mwingine wa dini katika eneo letu aliyekaa na swali moja kwa uaminifu wa namna hiyo.

Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharage, tukalala Kitui. Jiwe la Nzambani, mwamba mkubwa wa huko, tuliliona kwa mbali tu. Wenyeji wanasema ukilizunguka mara saba unageuka jinsia, na Mbiti angetaka kwanza kujua nani anasimulia, kwa nani, na saa ngapi.

Alliance, shule aliyosoma pale Kikuyu, iko nje kidogo ya Nairobi upande wa magharibi, na inatosha kuipitia mkielekea safari ya Kampala. Basi la usiku linaondoka Nairobi jioni na kufika Kampala asubuhi au karibu na adhuhuri: kilomita 650 hivi, saa 12 hadi 14 kutegemea mpaka. Busia na Malaba zote zina kituo kimoja cha pamoja, yaani unapoingia Uganda unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, upande wa Uganda. Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano weka mfukoni, si ndani ya begi lililo chini ya basi. Kosa la kawaida ni kushuka usingizini bila kuangalia namba ya basi lako. Magari ya kampuni moja hupanga foleni yakifanana kama mayai, na dereva hamsubiri mtu anayegonga milango ya mabasi ya wenzake.

Makerere inapandwa kutoka Wandegeya. Mbiti alifika kilima hiki mara mbili: kwanza kama mwanafunzi aliyemaliza mwaka 1953, kisha, baada ya Marekani na Uingereza, kama mwalimu kuanzia 1964 hadi 1974. Jengo Kuu jeupe liliteketea kwa moto usiku wa tarehe 20 Septemba 2020, likajengwa upya kwa sura ile ile na kufunguliwa tena Oktoba 2024. Simama mbele yake, kisha tembea hadi kanisa la Mtakatifu Fransisko la Waanglikana na lile la Mtakatifu Augustino la Wakatoliki. Msikiti pia uko humo humo. Umbali kati yao ni wa dakika chache, na ndio uliompa darasa lake: wanafunzi wa dini zote hizo chumba kimoja, kila mmoja na bibi kijijini ambaye bado anatambika au alitambika zamani.

Alipoanza kufundisha dini za Kiafrika vitabu vya kufundishia vilikuwa haba, na vingi viliandikwa na watu waliohesabu dini hizo kama ushirikina. Akakusanya mwenyewe. Mihadhara ile ikawa kitabu African Religions and Philosophy mwaka 1969. Mwaka uliofuata kikatoka Concepts of God in Africa, kilichopanga majina na sifa za Mungu kutoka makabila zaidi ya 270. Mwaka 1980 aliuandika wazi msimamo alioushikilia hadi mwisho: wamisionari hawakumleta Mungu Afrika, Mungu ndiye aliyewaleta wao.

Msomaji wa Kiswahili ana deni la pekee kwa kitabu cha 1969. Profesa alipotaka maneno ya kueleza wakati, aliona Kiingereza hakitoshi, akachukua mawili kutoka kwetu: Sasa na Zamani. Lakini usiyasome kama unavyoyatumia sokoni. Sasa yake ni pana. Imebeba kinachotendeka, kinachokaribia kutendeka, na yote ambayo mtu au watu walio hai wameyaonja wenyewe. Zamani yake ni bahari ambamo Sasa humezwa, ghala ambamo kila kilichotendeka huwekwa. Matukio hayakimbilii mbele, yanarudi nyuma, kutoka Sasa kwenda Zamani. Ushahidi wake ni jedwali la namna tisa za kusema "kuja" katika Kikamba na Kikuyu: nilikuja ndani ya saa hii, nilikuja leo asubuhi, nilikuja jana, nilikuja kabla ya jana, nilikuja tene, ambayo ni zamani isiyo na tarehe. Upande wa nyuma vitenzi ni tele. Upande wa mbele vinafika miezi michache, sita hivi, vinakoma. Kwa hesabu yake, wakati ujao wa mbali zaidi ya miaka miwili haukuwa na makao katika fikra za jadi.

Tulisoma kurasa hizo tukiwa tumekaa kwenye chuo ambacho kaulimbiu yake inasema kinajenga kwa ajili ya wakati ujao. Hapo ndipo hoja inapokaza. Je, anayepanda mwembe ambao hataula, anayelipa mahari ya ng'ombe kwa ajili ya wajukuu ambao hawajazaliwa, hana wakati ujao wa mbali? Wakosoaji hawakukawia. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, hapo hapo Afrika Mashariki, alimlaumu yeye na wenzake kwa kuwavisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki. Mwanateolojia Byang Kato wa Nigeria alimwona amelegeza mno mpaka kati ya Injili na dini za jadi. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwamba Kiakan, lugha ya kwao, kina maneno ya wakati ujao wa mbali. Kwa maoni yetu Gyekye ana haki katika hili: lugha mbili ndugu za Kenya ya kati ni msingi mwembamba kwa nyumba ya bara zima. Lakini njia ya Mbiti ilikuwa sahihi hata pale jibu lilipozidi kipimo. Alianza na vitenzi vya mama zake, akavichukulia kwa uzito ule ule ambao wengine waliuweka kwa Aristotle.

Anayetaka kumsoma aanze na Introduction to African Religion ya mwaka 1975, iliyoandikwa kwa shule na vyuo, lugha yake nyepesi. Ndipo aende kwenye kitabu cha 1969. Wengi wanaanza na hicho, wanakwama sura ya tatu penye jedwali la wakati, wanabaki na sentensi moja maarufu, "mimi nipo kwa sababu sisi tupo", bila kujua imetoka wapi.

Mwaka 1974, Uganda ikiwa chini ya Amin, familia ya Mbiti ilihamia Uswisi, nchi ya mkewe.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania, sehemu hii ya safari inaanza na viza ya Schengen. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Bima lazima ifikie yuro 30,000. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Kinachokwamisha wengi ni barua ya mwenyeji isiyolingana na tarehe za tiketi, au taarifa ya benki yenye fedha nyingi zilizoingia wiki moja kabla. Afisa huangalia mwendo wa akaunti kwa miezi, na rundo la ghafla linamtia shaka.

Ukitua Geneva, kituo cha treni kiko uwanjani hapo hapo. Nunua tiketi kabla ya kupanda. Treni nyingi hazina mtu wa kukuuzia ndani, na mkaguzi akikukuta huna, faini haitazami ugeni wako. Shuka Nyon, mwendo wa robo saa hivi kutoka Geneva mjini, halafu chukua basi kuelekea Bogis-Bossey. Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ilianza mwaka 1946 katika nyumba ya kale iliyozungukwa na mashamba. Mbiti aliiongoza hadi 1980. Aliita kongamano juu ya kongamano ili wanateolojia wa Afrika na Asia wakae meza moja na wa Ulaya, kama wasemaji wenye lao. Mwaka 1977 alihariri kitabu cha michango ya Waafrika na Waasia katika teolojia ya siku zile. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, na ukawaida huo umejengwa na watu wachache waliokuwa wakipanga viti.

Kutoka Nyon hadi Bern ni saa moja na nusu au zaidi kidogo, na kutoka Bern hadi Burgdorf ni kilomita 22, chini ya dakika 20 kwa treni. Mji umejengwa ngazi mbili: kituo kiko chini, mji wa kale juu ya mwamba, na ngome iliyoanzishwa na watawala wa Zähringen mwaka 1200 hivi inatazama mto Emme. Katika ngome hiyo Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi, alifundisha watoto kati ya 1799 na 1804. Siku hizi ndani yake kuna makumbusho na hosteli, kwa hiyo unaweza kulala ngomeni kwa bei ya hosteli. Weka nafasi mapema, na nunua chakula Jumamosi, maana Jumapili maduka karibu yote yamefungwa. Oktoba asubuhi ukungu hulala juu ya mto hadi saa nne au tano. Beba sweta nzito na viatu visivyoteleza, mawe ya mji wa juu yana unyevu.

Kanisa la mji, lililojengwa kati ya 1471 na 1490, liko ncha ya pili ya kilima, likikabiliana na ngome. Ibada ni ya Kijerumani, na nje mlangoni watu wanazungumza Kijerumani cha Bern, ambacho hata Mjerumani wa Berlin hukipata kwa shida. Katika mji huu Mbiti, padri wa Kianglikana kutoka Ukambani, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kireformed, yaani la Kiprotestanti la huko, tangu 1981 hadi 1996. Kuanzia 1983 alifundisha pia kwa muda Chuo Kikuu cha Bern, hadi 2003. Piga hesabu ya kazi ya mchungaji wa mtaa kule: mahubiri, darasa la kipaimara kwa vijana wa miaka 15 na 16, arusi, kutembelea wagonjwa, mazishi. Kila juma. Halafu panda treni ukafundishe. Halafu rudi nyumbani kwa mke na watoto wanne, na usiku ukafungue Kigiriki na Kikamba. Wanaomtaja kama jina la kitabu wangepanda kilima hiki mara moja tu, kutoka kituoni hadi mlango wa kanisa, dakika kumi na tano za kutweta, wangemwona mtu.

Katika mafundisho yake kuna kundi aliloliita wafu walio hai. Aliyekufa hajaondoka katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina na kwa uso, aliyemwona mwenyewe. Jina lake hutajwa, humwagiwa kinywaji, hupewa mjukuu. Inaweza kuendelea vizazi vinne au vitano. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo naye anazama katika Zamani, na kufa kwake kunakamilika.

Tulikaa kwenye ukuta wa kanisa tukitazama miamba ya Gysnauflühe ng'ambo ya mto, tukamfanyia hesabu hiyo. Vijana wa kipaimara chake cha kwanza wana miaka sitini hivi sasa. Wachanga aliowabatiza mwaka wake wa mwisho wa huduma wanakaribia thelathini. Lakini aliendelea kuishi na kutembea mji huu hadi 2019. Mtoto wa miaka minane aliyemwamkia mwaka ule, akijaliwa kufika 85, atakuwa bado anauona uso wake mwaka 2096. Ni miaka sabini hivi kutoka leo, umbali ambao jedwali lake halikuupa kitenzi. Mmoja wetu aliuandika mwaka huo kwa penseli pembeni ya ukurasa wa jedwali, mahali palipokuwa patupu, tukateremka kuiwahi treni ya Bern.